Shavu la Kulia la Mama

Watu wanaotaka niwafundishe kuchora uso kwenye tableti huanza na macho. Wote. Unampa mtu kalamu, hajakaa vizuri kitini, tayari anachora kope moja moja, anang'arisha mboni, anaweka kile kinukta cheupe cha mwanga, kisha ananigeuzia tableti nimsifu. Simsifu. Namwambia afute. Uso si macho. Uso ni mfupa uliovikwa ngozi na kupigwa na mwanga kutoka upande fulani, na kama hujui mwanga unatoka wapi, hizo kope zako ni takataka. Wengine hununa na hawarudi tena. Sawa tu.

Nina chumba kimoja Kisii mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na saruji. Kazi yangu ni kuchora watu: maharusi, walimu wanaostaafu, wazee wa kanisa wanaoagwa, watoto waliofuzu chuo. Wateja huniletea picha iliyopigwa kwa simu, mara nyingi imekatwa kutoka kwenye picha ya watu wengi hivi kwamba mkono wa mtu mwingine bado uko begani, na karibu wote huomba kitu kilekile. Wanataka mtu wao awe mweupe kuliko alivyozaliwa. Hawasemi hivyo, wanasema, "Mng'arishe kidogo." Nimelisikia neno hilo miaka kumi na bado likinifikia shingo inapata moto. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa aliponipigia simu kuniambia nimng'arishe mama, alikuta jiko limeshawaka.

Kaka yangu ana kazi ya ofisi, ya tai na kadi shingoni. Mwaka huo alikuwa amemjengea mama nyumba ya mawe nyumbani kwetu, upande wa Ekerenyo, hatua chache kutoka ile nyumba ya udongo tuliyozaliwa. Alitaka kuizindua Jumapili, kwa kuwa sisi ni Wasabato na Jumamosi haiguswi. Wageni wangekuja, wakiwemo wakubwa wake wa kazini, na sebuleni, ukutani, mkabala na mlango, alitaka picha kubwa ya mama. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikubali kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo yeye hakuijua.

Mama hakuwa na picha hata moja aliyoikubali. Tumempiga picha kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye mahafali, na kila tukimwonyesha huitazama kwa adabu, kisha hurudisha simu na kusema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba huyo si yeye. Sisi watoto tulicheka. Tulisema ni uzee, ni ukaidi, ni maringo yake. Mimi nilicheka pia, lakini lilinikera, kwa sababu ninaishi kwa kuwapa watu nyuso zao na mama yangu mwenyewe nilishindwa. Nilitaka kabla hajafa awepo uso mmoja duniani ambao angeuangalia na kusema ni wake. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta katika ile shughuli yote ya nyumba ya mawe.

Sasa, mama ana kovu. Linaanzia chini ya jicho la kulia na kuteremka shavuni hadi karibu na pembe ya mdomo. Nilikuwa mdogo siku alipolipata. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa amenunua mabati sokoni ili aondoe nyasi juu ya nyumba yetu ya udongo. Pikipiki za kubeba mizigo hazikuwepo wakati huo. Aliyabeba kichwani, na pale njia inapopanda kati ya mashamba ya chai upepo ukaliinua bati la juu, likageuka na kumkata. Hakuyatupa. Alifika nayo nyumbani, akayashusha moja moja yasijikunje, ndipo akaomba maji. Kidonda kilipona vibaya, kikavuta ngozi na kuinua pembe ya mdomo kidogo, na tangu siku hiyo mama huonekana kama mtu anayekaribia kukucheka hata akiwa anakugombeza. Mimi siwezi kumfikiria bila mdomo ule. Bila ule mdomo ni mama wa mtu mwingine.

Kaka akitaka kunikumbusha kwamba yeye ni mkubwa huacha Ekegusii na kuniongelesha Kiswahili, kama vile mimi ni karani wake. Siku ile ya kuniambia nimng'arishe mama alinipigia akiwa ofisini, nasikia watu nyuma yake.

"Na hiyo kovu utoe," alisema. "Wageni wangu watakuja. Hiyo ndio kitu ya kwanza mtu ataona."

"Hiyo kovu ni ya mabati uliyolala chini yake mpaka ukaenda chuo," nilimwambia.

Alisema napenda kukuza mambo. Alisema hakuna mgeni anayekuja kuangalia majeraha ya watu, na kwamba wenzangu wanaojua kazi wana programu za kulainisha uso kwa dakika moja. Nilikata simu. Sikugusa kalamu asubuhi nzima.

Nilikwenda nyumbani katikati ya wiki. Nilimkalisha mama kwenye kigoda mlangoni pa jiko la zamani, mahali ambapo mwanga huingia kutoka upande mmoja tu, na nikampiga picha za kutosha bila kumwambia atabasamu. Alikuwa na sweta lake la vifungo na kitambaa kichwani. Aliniuliza kama itachukua muda, kwa sababu majani yalikuwa yanamsubiri shambani. Sisi ni watu wa ajabu, tunachuma chai mwaka mzima na kanisani, kwa kuwa Msabato hanywi chai, tunafundishwa kunywa uji.

Nikarudi mjini, nikafunga mlango, nikaanza. Siku ya kwanza sikuweka rangi. Huwa nachora kwa kijivu, maumbo makubwa tu, kama mtu anayechonga kwa shoka: paji, mfupa wa shavu, kivuli cha pua, taya. Nafinya macho mpaka kila kitu kiwe ukungu, na kama bado namtambua mtu ndani ya ule ukungu, basi naendelea. Mama nilimtambua mapema. Kichwa chake hukaa mbele kidogo, kwa sababu ya kapu la majani chai alilobeba mgongoni miaka yote.

Kisha rangi, na hapa ndipo hasira yangu ya kazi inapokaa. Wanaosema mtu mweusi ni mgumu kuchora ni wale wanaochukua kahawia moja, wakaongeza nyeusi kwa ajili ya kivuli na nyeupe kwa ajili ya mwanga, halafu wanashangaa uso umekuwa majivu. Ngozi ya mama haina nyeusi hata tone. Kwenye paji kuna wekundu wa udongo wetu mvua ikinyesha. Chini ya taya, kivulini, kuna zambarau. Upande uliotazama migomba kulikuwa na kijani hafifu, kwa kuwa majani yalikuwa yanamrudishia mwanga. Niliweka kila rangi kwenye tabaka lake ili nikikosea nifute moja bila kuharibu zingine, na sikugusa brashi ya kulainisha. Ile brashi ningeweza ningeipiga marufuku. Inafanya wanawake wote wa Kisii na Nyamira kuwa mayai yaliyochemshwa.

Kovu lilinichukua siku mbili. Wengi wangepiga mstari. Kovu si mstari. Lina ukingo unaopokea mwanga na ukingo unaokaa kivulini, na ngozi yake ni laini kuliko ngozi iliyolizunguka, kwa hiyo hung'aa tofauti. Nilichora mahali linapovuta mdomo mara nyingi sana, mpaka ile hali ya kukaribia kucheka ikatokea, nikajikuta nimejiinamia mbele ya tableti na kulia. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyetaka kuiondoa.

Kuna jambo moja ambalo kila mchoraji wa tableti hufanya. Ukiangalia uso kwa muda mrefu macho huzoea makosa. Kwa hiyo unabonyeza mahali fulani na picha yote inapinduliwa, kulia kunakuwa kushoto, na papo hapo unaona jicho lililopanda au taya iliyopinda. Unarekebisha, kisha unabonyeza tena kuirudisha. Nilikuwa nafanya hivyo kila baada ya dakika chache bila kufikiria, kama kupepesa macho.

Alhamisi ya wiki ya pili, mchana, nilikuwa nakagua taya kwa mara ya mwisho, picha ikiwa imepinduliwa, kaka akapiga. Mtu wa kuchapa alikuwa anangoja. Kaka aliuliza kama kovu limetoka. Nilimwambia halijatoka na halitoki. Tulizozana mpaka sauti yangu ikawafikia wauza misumari chini. Alipokata simu nilikuwa bado namjibu. Nilirekebisha taya, nikaunganisha matabaka yote kuwa moja, nikaituma, nikafunga tableti na kuisukuma mbali na mimi.

Siku iliyofuata nilipanda kwenda kuiona kwa yule wa kuchapa, na pale nikataka kupasuka. Mama alikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa majani kidogo. Nilimuuliza kijana wa watu nani amemwambia aongeze mwanga. Akasema mwenye kazi, yaani kaka yangu, alipiga simu. Alijaribu na kovu pia, akakiri, lakini lilikataa kutoka bila kuharibu mdomo. Nilisimama juu yake mpaka akachapa upya kutoka kwenye ile niliyotuma mimi, na nilikagua rangi kwenye kile kitambaa cha kuchapia inchi kwa inchi: wekundu wa paji, zambarau, kile kijani. Vyote vilikuwepo. Niliondoka pale nimeinua kichwa.

Jumapili nyumbani kwetu kulijaa. Mahema, viti vya plastiki, magari yameegeshwa mpaka kwenye mashimo ya migomba. Mchungaji aliomba, utepe ukakatwa, tukaingia sebuleni tulioweza kuingia. Kaka akavuta shuka, picha ikafunuka. Vigelegele. Wanawake wa kanisa walisogea wakagusa fremu. Mtu akasema omong'ina, yaani mama mzee, anaonekana kama anataka kuongea. Nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Kaka akasimama chini ya picha na kuhutubia. Alisema huo uso ndio uliomlea. Alisema kila mkunjo ulio pale anaujua. Wakubwa wake wa kazini walipiga makofi. Kisha akamwita mama, akamkalisha kwenye kiti kipya cha ngozi chini kabisa ya picha, uso wake ukitutazama sisi, na uso wa ukutani ukitutazama juu yake.

Hapo ndipo nilipoona. Kovu la mama lilikuwa upande wa korido. Kovu la picha lilikuwa upande wa dirisha. Vifungo vya sweta vilikuwa upande usio wake, mwanga unatoka kusikokuwa kwake, na mdomo umeinuka kwenye pembe ambayo kwa mama haijawahi kuinuka. Nilikuwa nimemtuma akiwa amepinduliwa. Nilikuwa nimesimama juu yake na kukagua zambarau, na sikuona kwamba mama yangu amegeuzwa.

Nilingoja mtu aseme. Nilitazama ndugu zangu, wote watano, tuliotoka tumbo lile. Nilitazama wakwe. Nilitazama wanawake wanaokaa naye benchi moja kila Sabato, na jirani ambaye huchuma naye chai mstari kwa mstari, uso kwa uso. Walipita mmoja mmoja, wakainama kumsalimu mama, wakainua macho kusifu picha, wakateremsha tena. Walijipanga kupiga picha naye. Kovu moja huku, kovu moja kule, na baina yake watu wanatabasamu. Hakuna aliyesema.

Nilimshika kaka mkono nikamvuta hadi kwenye korido, pale panaponuka rangi mbichi. Nilimwambia picha imepinduka. Hakuelewa. Nikamwambia kovu liko upande mbaya. Akageuka, akatazama kupitia mlango, mama pale kwenye kiti na picha juu yake. Macho yake yalishuka na kupanda.

"Kwani ile ya ukweli iko upande gani?" aliniuliza.

Sahani ya mama ilikuwa mapajani mwake, ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, alikuwa anakula polepole hatua tano kutoka tuliposimama. Huyu ndiye mtu aliyenipigia simu wiki mbili juu ya kovu lile. Huyu ndiye aliyesema ndicho kitu cha kwanza mtu ataona. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya wakubwa wake. Nilimwambia aende akamuulize mwenyewe, na nikatoka nje, nikasimama kwenye majani chai mpaka moyo ukatulia kidogo. Kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuwa na haki ya kumcheka. Yeye hakuangalia. Mimi niliangalia kwa wiki mbili, kwa kazi ninayojisifia, na nikakosa.

Alasiri, mahema yalipoanza kufunguliwa na sebule kubaki tupu, niliingia nikachuchumaa karibu na kiti cha mama. Nilimwambia nimeharibu. Nilimweleza kuhusu kile kitufe cha kupindua picha, na hasira, na simu. Nilimwambia kwamba nitaichora upya na kumletea nyingine kabla ya mwezi kwisha, na kwamba anisamehe kwa kumweka ukutani akiwa kinyume mbele ya watu wote.

Mama hakuwa anafuata ninachosema kuhusu kitufe. Aliinuka, akageuka, akaitazama picha. Akapandisha mkono wake wa kulia hadi shavuni na kuteremsha vidole juu ya kovu lake polepole, huku macho yake yakifuata kovu la ukutani upande uleule wa mkono wake.

"Huyu namjua," alisema kwa Ekegusii. "Huyu ndiye namfunga kitambaa kila asubuhi."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kwamba zile picha zetu nyingine zote huleta mwanamke ambaye mdomo wake umekwenda usikokwenda, na ametuambia miaka yote na sisi tunacheka. Akasema yeye ana kijioo chake, kile cha fremu ya plastiki kilichotundikwa kwenye msumari jikoni, na ndani yake humo hajawahi kumwona yule mwanamke wetu.

Nilibaki nimechuchumaa. Kioo humwonyesha mtu akiwa kinyume. Hilo najua, ni jambo la kwanza mchoraji hujifunza, nimewafundisha watu wengi. Maisha yake yote mama amejijua kwa upande ule mmoja, na sisi watoto tumemletea upande wetu na kumlazimisha aukubali. Na mimi, hodari wa mwanga na vivuli, sikuwahi kumuuliza hata mara moja, "Kwa nini unasema si wewe?" Nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba ni mkaidi. Hasira niliyokuwa nimempangia kaka ilinirudia yote, na nilistahili.

Lakini bado nilibishana. Nilimwambia watu watakaoingia humu watamwona vibaya, wajukuu watakua wakidhani kovu lake lilikuwa pale. Nikamwambia aniruhusu nichapishe nyingine, tuweke hii chumbani kwake, na ile iliyo sawa ikae sebuleni.

"Hii muiache hapo," alisema mama. "Ni yangu. Anayetaka shavu lile lingine aje aniangalie mimi."

Kisha akaketi tena na kuniomba maji. Kupitia dirishani nilimwona kaka yangu. Alikuwa amerudi nyuma hadi ndani ya majani chai, simu mkononi, akitafuta mahali pa kusimama ili nyumba yote iingie kwenye picha.